Toyota Chaser ya injini ya 1JZ, auto, nichukue konveta ya stoli ngapi?

Mdau ulieuliza juu, nimekuelewa: Chaser JZX100 Tourer V ya auto, umefunga turbo kubwa, sasa gari inalala taa ya kijani ikiwaka mpaka rpm ikaribie 3,000 ndo inashtuka, na kuna jamaa anakuuzia konveta (ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi ya auto kwa kutumia oil) "stoli 3,500". Usitoe hela kwanza.

Hiyo 3,500 haina maana ikisemwa hivyo tu. Stoli ni rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) ambayo injini inaishia ukikanyaga mafuta yote huku matairi yameshikwa, kwa hiyo inategemea pia injini inasukuma kiasi gani. Konveta hiyohiyo ukiifunga kwenye 1G, ile injini ya Grande isiyo na turbo, itastoli chini, ukiiweka nyuma ya 1JZ yenye busti (presha ya turbo) itapanda zaidi. Muulize ilipimwa kwa injini gani, toki (nguvu ya kuzungusha) kiasi gani. Akianza kujiumauma achana nae.

Halafu watu wanachanganya 1JZ zote kama moja. Ile ya zamani ya JZX90, turbo mbili bila VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa valvu), toki yake ya juu ni 363 Nm kwenye 4,800 rpm. Ya kwako ikiwa ya kiwandani ni 379 Nm kwenye 2,400 tu, ndo maana Chaser ikiwa stoku haihitaji konveta nyingine, inaondoka vizuri yenyewe. Wewe shida umeileta na hiyo turbo kubwa, toki imesogea juu, kwa hiyo tafuta stoli inayoangukia pale turbo inapoanza kujaza na sio pale inapofika kileleni. Mimi kwa gari ya kutembelea mjini sipiti 3,000. Nimeendesha yenye stoli kubwa zaidi kwenye foleni ya Morogoro Road, unakanyaga injini inalia gari inasogea kwa kujifikiria, na oil ya gia boksi inachemka mpaka unaisikia harufu.

Kabla ya yote pima uliyonayo sasa. Oil iwe na moto, weka vigingi kwenye matairi, vuta hendibreki, mguu wa kushoto kwenye breki mpaka mwisho, weka D, kanyaga mafuta yote na usome rpm, usizidishe sekunde 5, na mtu asisimame mbele ya gari tafadhali. Ikisoma chini sana kuliko inavyotakiwa, injini haina nguvu au kile kiklachi cha steta (mapanga ya katikati yanayogeuza oil) ndani ya konveta kimekufa. Ikisoma juu mno, gia boksi ndo inateleza, na hapo konveta mpya haitakusaidia kitu.

Kuitambua kwa macho ni ngumu, maana ganda linaweza kufanana na ndani mapanga ya steta yakawa tofauti. Kipenyo kinakupa fununu tu, ndogo kwa kawaida inastoli juu. Hizi za mtumba pale Gerezani, Dar, nenda na ya kwako mkononi, linganisha splaini (meno ya ndani), matundu ya bolti na shingo inayoingia kwenye pampu ya oil ya gia boksi. Na hakikisha ina lokapu inayofanya kazi, ukiwa highway ndo inafunga na rpm inashuka, bila hiyo utalia na mafuta.

Siku ya kufunga simama na fundi wako. Konveta iingie kwenye gia boksi ikiwa bado chini, unaizungusha huku unasukuma na inadondoka kwa hatua mpaka ishike pampu. Ikibaki imetokeza halafu fundi akaivuta kwa bolti ili ikae, pampu inapasuka siku hiyohiyo, nimeshaona gereji moja wakifanya hivyo kwa gari ya mshkaji wakamlaumu aliyeuza.

Ongeza na kirejeta cha oil ya gia boksi, cha pembeni, usitegemee kile cha chini ya rejeta kuu. Ukishapima stoli, weka namba hapa pamoja na aina ya turbo na busti unayotumia, tuone kama ni konveta kweli au turbo imezidi.