Kwa nini ukumbi wa Kisumu una jina la Mama Grace Onyango

Ndugu, umeuliza kwa nini Ukumbi wa Jamii wa Kisumu ulipewa jina la Mama Grace Onyango baada ya kukarabatiwa, na kama ulikusudiwa kuwa jumba la tamthilia. Kumbi za aina hii, ambazo mabaraza ya miji nchini Kenya yaliziendesha tangu enzi za ukoloni, hazikuwa za maigizo peke yake. Wafanyakazi na jamaa zao walikutana humo kwa dansi, ndondi, sinema na mikutano, na vikundi vya maigizo vikapata jukwaa katikati ya pilikapilika hizo. Mama Grace, aliyekuwa mwalimu, alikuwa meya wa Kisumu mwaka 1965, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini, kisha mwaka 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge. Kwa hiyo jina hilo, tofauti na mengi yanayobandikwa majengo ya umma kwa kujipendekeza, lina haki yake. Ninaloliangalia mimi sasa ni ada ya kukodi ukumbi, kwa kuwa kikundi cha vijana wa mtaani hakiwezi kulipa sawa na waandaaji wa makongamano.