"Mwalimu, amekula hela yangu"

Nina miaka tisa kama mwalimu wa malezi katika sekondari ya kutwa, na kesi nyingi za mapenzi zinazofika mezani kwangu huanzia kwenye chipsi.

Mwaka juzi alinijia mvulana wa kidato cha tatu, macho mekundu. "Mwalimu, fulani amekula hela yangu." Kwa miezi miwili alikuwa akimnunulia binti chipsi mayai na kumuunga bando kwa hela ya nauli, yeye akirudi kwao kwa miguu. Kisha akamwita geto kwa kaka yake. Binti akakataa. Nilipomwita binti, naye akalia. Kwake yeye, kijana anayekubali kutembea kwa miguu ili yeye ale ni kijana anayempenda, na alishaanza kuwaza siku kijana huyo atakayokwenda kujitambulisha kwao. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Hawakuwahi kuulizana.

Tangu hapo, kabla ya kutaja kanuni za shule, namuuliza kila mmoja peke yake: unategemea nini kwake, na je, umemwambia? Wasichana hunijibu. Wavulana hukaa kimya muda mrefu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza. Binti ana shangazi, ana somo (kungwi wake), ana mama anayekagua simu. Mvulana ana wenzake wa kijiweni, na funzo lao ni moja tu: usiwe domo zege, yaani mwoga wa kutongoza. Wengine wamekiri kwangu kwamba hata hicho walichokuwa wakikidai hawakukitaka sana; walitaka kuwa na la kuwasimulia rafiki zao. Hapa wazazi tunawakosea watoto wetu wa kiume, na inaniuma.

Mzazi, kaa na mwanao umwambie kwamba hela aliyoitoa kwa hiari haimfungi mtu. Mwambie na sheria pia. Hapa Tanzania, kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kijana anayelala na msichana wa chini ya miaka 18 anaweza kushtakiwa kwa kubaka hata kama msichana aliridhia. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30. Wanafunzi wangu wengi wa kidato cha nne huduwaa wakisikia kwamba "alikubali" si utetezi.

Binti naye ajue kuwa hata akishapokea zawadi, "hapana" yake bado ni hapana. Ila kama anaona zawadi zinaongezeka naye hana nia, aseme mapema, asinyamaze.

Yule mvulana, kabla ya kutoka ofisini, aliniuliza, "Sasa nimwambie nini?" Tukakaa tukayatafuta maneno. Kesho yake alimwomba radhi chini ya mwembe, baada ya mstarini, na jioni nikamwona kituoni akisubiri daladala.