Pislili zimejazana chini ya mwembe, nizigawe saa hizi?

SWALI: Shikamoo Mama Bustani. Niko Chumbageni, Tanga. Nina pislili, yale maua ya kivulini yenye majani mapana ya kijani na ua jeupe, zimekaa chini ya mwembe miaka mingi na sasa zimejazana mpaka katikati majani yanakuwa manjano, na maua hazitoi tena. Jirani anasema ning'oe zote sasa hivi nigawe, mi naogopa maana jua la kaskazi linawaka na maji ya kisima chetu yana chumvi. Nifanyeje? – Mama Z.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kugawa utagawa, hapo jirani kasema kweli, ila sio saa hizi jamani! Mmea ukishakatwa mizizi hauwezi kuvuta maji ya kutosha, na huku majani yanazidi kuyapoteza kwa joto la Januari na Februari, ndo mana unaukuta umelala chali kesho yake. Subiri masika. Mvua za mwezi wa tatu zikishalowesha udongo vizuri ndo ushike jembe, ukikosa hapo kuna vuli kuanzia Oktoba, japo vuli mwaka mwingine inakuja kwa kutuzingua.

Chimba jioni, tena anzia mbali kidogo na shina, usivute kwa majani yatakatikia mkononi. Ukishatoa kichaka kizima kung'uta udongo utaona ni vishina vingi vimeshikana, vitenganishe kwa mikono na vinavyogoma kata kwa kisu kisafi, ila kila kipande kibaki na mizizi yake na majani matatu manne hivi. Usiwe na tamaa ya miche mingi, vipande vidogo sana vitakukalia mwaka mzima bila ua. Sehemu ya katikati iliyooza tupa, na kama kuna ua likate. Vaa glavu, utomvu wake unawasha, na watoto wasiyatafune hayo majani.

Sasa hapa ndo wengi wanaharibu: wanafukia shina ndani sana wakidhani linashika vizuri, kumbe linaoza. Panda kina kilekile lilichokuwa nacho mwanzo. Halafu huo mwembe wako nao ni mlafi, mizizi yake inanyang'anya maji na samadi yote, kwa hiyo sogea mbali na shina lake ila ubaki kivulini, na usiikate mizizi mikubwa ya mwembe, ikikugomea chimba pengine au panda kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini. Changanya samadi iliyooza kabisa, mbichi inaunguza, na juu tandaza makumbi ya nazi yaweke unyevu.

Maji ya chumvi ndo yanaunguza ncha za majani. Weka pipa chini ya bati ukinge ya mvua. Wiki ya kwanza zitanyauka kidogo hata ukipatia kila kitu, usipaniki ukamwagia ndoo nzima, udongo uwe na unyevu tu basi. Mbolea usiguse mpaka uone jani jipya.

SWALI: Mama, nimekata jani la ile mimea ya mfano wa mkonge yenye ukingo wa njano nikapanda, limeota lakini machipukizi yote ya kijani tupu. Nimeuziwa feki? – Bagamoyo

JIBU: Wala hujauziwa feki mwaya, ndo tabia yake. Ile ya ukingo wa njano ukiotesha kwa jani, rangi inapotea. Ukitaka ibaki lazima ugawe kwa shina, yaani lile pando linalotoka chini ya udongo likiwa na mizizi unalikata, unaacha kidonda kikauke siku moja mbili, unapanda. Hii haihitaji kusubiri masika, tena mvua nyingi inaiozesha, iweke barazani.