Huria unayo tayari mfukoni
Unasema programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, haiwezi kushindana kwenye simu kwa sababu muonekano wake haujanyooka. Mbona msingi wa Android ni huria, na kiini chake ni Linux? Tatizo haliko kwenye muonekano, ndugu, liko kwenye programu ambazo watu wanazihitaji. Mimi niliweka LineageOS, mfumo huria uliotokana na Android, kwenye simu yangu kuukuu: ikawa nyepesi, chaji ikaanza kukaa. Kufungua programu ya benki, ikagoma, eti kifaa si salama! Nikarudi kubonyeza nyota na reli kama zamani. Firefox OS ya 2013, mfumo huria wa simu, nayo ilikosa WhatsApp rasmi, nani angeinunua? KaiOS, mfumo wa simu za vitufe uliozaliwa kutokana na Firefox OS, ilipoipata WhatsApp, watu wakapata sababu ya kuiulizia dukani.