Maswali na Majibu: Kreta za Mwezi kwa Darubini ya Uani

Nimepiga mwezi mpevu kwa simu kupitia darubini, umetoka mweupe kama sahani. Kamera ni mbovu? (Ngamiani, Tanga)

Kamera haina kosa, siku ndiyo mbaya. Mwezi wa kumi na nne humulikwa na jua usoni moja kwa moja, na pasipo kivuli kreta, yaani shimo la mwezini, haionekani. Piga kati ya siku ya 6 na ya 10 tangu uandame, ukilenga mpaka wa mwanga na giza. Pale jua ndiyo kwanza linachomoza, na kuta za kreta zinalaza vivuli virefu. Siku ya 9 tafuta kreta ya Copernicus, yenye upana wa kilomita 93, na Clavius upande wa kusini, ambayo ni pana zaidi ya mara mbili ya hiyo. Kwenye kamera ya simu anza na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100 na muda wa kupiga wa sekunde 1/125. Picha ikikuzidi mwanga, weupe ule hautengenezeki tena. Heri iwe na giza kidogo.

Nikiitoa darubini chumbani kwenye AC, picha zote zina ukungu. (Raskazone)

Ni mvuke wa pwani unaotua kwenye kioo cha baridi, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Iache nje saa nzima ikiwa na mfuniko wake. Usifute kwa kanga wala fulana, maana chembe za chumvi zitakikwaruza kioo. Ihifadhi kwenye boksi lenye vifuko vya silika vya kunyonya unyevu; kuvu ikishaota ndani ya lenzi, alama haitoki.

Kishikio cha simu ni lazima? (Makorora)

Nunua. Tumia lenzi ya jicho (ile unayochungulia) ya milimita 25, na taima ya sekunde 3 ili kidole kisitikise simu.

Kreta zinacheza kama zipo chini ya maji. (Chumbageni)

Hiyo ni hewa ya moto. Bati na zege hutema joto la mchana, kwa hiyo weka darubini kwenye majani na usilenge juu ya paa la jirani. Nusu mwezi huwa juu sana jua linapozama. Saa mbili usiku bado uko juu, na uwanja umepoa. Kisha achana na picha mojamoja: rekodi video ya sekunde 60. Kwa fremu, yaani picha, 30 kila sekunde unapata 1,800. Programu ya bure ya AutoStakkert huzipanga kwa ubora. Chukua asilimia 10 bora tu, ziunganishwe ziwe picha moja. Video ya simu igeuze kwanza iwe faili la aina ya AVI kwa programu ya PIPP, la sivyo huenda ikakataa kufunguka.