Kwa mnaoanza na dosie za taka za elektroniki

Juzi dosie nyingine imetua mezani kwangu Lubumbashi ikiwa na B1110, namba ya zamani ya taka za elektroniki zisizo na hatari, muhuri juu yake, kwa kujiamini kabisa. Wadogo zangu, namba hiyo imeshazikwa. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel, unaosimamia taka zinazovuka mipaka ya nchi, una A1181 kwa taka za elektroniki zenye hatari na Y49 kwa zisizo na hatari. Kumweleza kila mmoja kwa simu kumenichosha, kwa hiyo someni.

1. Acheni kubishana kwamba mzigo hauna sumu. Zamani hoja hiyo ilipitisha malori. Sasa aina zote mbili zinadai idhini ya maandishi ya nchi zinazohusika kabla gari halijaondoka.

2. Mitumba ni mitumba ikiwa inawaka. Mwenye mali ataapa kwamba kila kompyuta ni nzima. Mwombeni karatasi ya majaribio ya kila kifaa, kisha tazameni ilivyofungwa. Monita za kioo kinene, zenye madini ya risasi ndani, zikija zimerundikwa kama viazi, hakuna anayekusudia kuziuza. Na zikitoka nje ya Afrika msiniulize mnaombaje idhini: Mkataba wa Bamako wa 1991, wa nchi za Afrika, ambao Kongo ni mwanachama wake, unakataza taka zenye hatari kuingia kutoka huko.

3. Njia. Hapa nitakaa, maana iliwahi kunila pesa na usingizi. Tulikuwa na bodi za saketi zilizokusanywa kwa mafundi wa simu wa komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, zikielekea Durban zipande meli kwenda kuyeyushwa Ulaya. Taarifa yetu ya kuomba idhini ilikuwa ya jumla, ile inayofunika safari nyingi hadi miezi 12, kwa sharti kwamba taka ni ile ile na ofisi za forodha ni zile zile, hata katika nchi za kupita. Tuliandika mpaka wa Chirundu, yaani kutoka Zambia kuingia Zimbabwe. Usiku dereva akapiga: "Bosi, Chirundu foleni imelala, nikate Kazungula?" Daraja la Kazungula, la kutoka Zambia kuingia Botswana, lilifunguliwa 2021 na kila mtu alikuwa akilisifu. Nikajibu nikiwa kitandani: "Pita tu, mdogo wangu."

Botswana haikutajwa popote katika makaratasi yetu. Nilimwambia afisa wa huko kwamba tunapita tu, hatushushi hata boksi moja. Akanisikiliza kwa adabu, akauliza ni nani aliyeijulisha nchi yake. Kimya. Kupitisha taka bila kuijulisha nchi ya kupita, kwa Basel ni usafirishaji haramu, na kosa likiwa la mtumaji, mzigo unarudi alikotoka. Ada ya maegesho ikawa inapanda kila siku, dereva anasonga bukari, ugali wetu, chini ya tela na kunipigia jioni, si kwa kulalamika bali kuomba salio. Mteja naye aliacha kuniita kaka, akaanza kuniita Monsieur. Hapo nilijua sina mteja. Bodi zilirudi Kasumbalesa, mpakani kwetu na Zambia, tukaanza upya, na nchi ya kupita ina siku 60 za kujibu. Dereva yule hadi leo akinipigia usiku hunianza hivi: "Bosi, umekaa au umelala?"

Mkitaka njia ya akiba, iombeeni idhini yake mapema.

4. Katika tamko la forodha, taka za elektroniki zina kichwa chao katika orodha ya bidhaa, 8549, tangu 2022. Msizifiche kwenye 8471 ya kompyuta.

5. Hati ya safari ya taka hukaa na mzigo mwanzo hadi mwisho, na kila anayeupokea au kuukabidhi anatia sahihi. Mkibadilisha msafirishaji njiani, sahihi kwanza, soda baadaye.

6. Betri chakavu za magari msizichanganye humu. Zina A1160 yao. Na anayemwaga asidi mtaroni ili kupunguza uzito asikanyage ofisini kwangu.