Mwizi, mtuhumiwa au mshtakiwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa ulinzi shirikishi mtaani kwetu, Korogwe. Juzi niliandika kwenye kundi letu la simu: "Mwizi wa pikipiki amekamatwa jana usiku. Mtuhumiwa atapandishwa kizimbani kesho." Shemeji yangu, karani wa mahakama, akanicheka: "Sentensi ya kwanza umeshamhukumu, ya pili ndiyo unamtuhumu?" Kwani mtuhumiwa, mshukiwa na mshtakiwa si yule yule? Na mahabusu ni mfungwa au siye?

JIBU: Marahaba. Shemeji yako ana haki ya kucheka, ila angekueleza na sababu.

Neno lililokuponza ni "mwizi". Limetokana na kitenzi iba, na hiyo -i ya mwishoni humtaja mtenda: mlinzi hulinda, mlevi hulewa, mwizi huiba. Halina "labda" ndani yake. "Muuaji" na "mbakaji" ni mazito zaidi, kwa kuwa -aji mara nyingi humtaja mtu ambaye kitendo ni kazi au mazoea yake, kama mwindaji na mwimbaji. Ukimwita hivyo mtu aliyekamatwa jana, sarufi imeshamaliza kesi kabla hakimu hajafungua jalada.

Tazama sasa mtuhumiwa, mshukiwa, mshtakiwa. Yote yana -w- ya kutendewa. Hayasemi mtu huyu amefanya nini. Yanasema wenzake wamemfanya nini: wamemtuhumu, wamemshuku, wamemshtaki. Ondoa -wa kwenye mshtakiwa upate mshtaki, yaani mtu wa upande wa pili kabisa. Niliwahi kuletewa barua ya malalamiko ambayo mwandishi wake alijiita "mshtakiwa" tangu juu hadi kwenye sahihi, kumbe ndiye aliyeibiwa mbuzi.

Usije ukaliogopa neno mwizi, lakini. Mlango umevunjwa, televisheni haipo: "wezi wamevunja duka" ni Kiswahili safi na ni haki tupu. Kwamba mwizi yupo hakuna ubishi. Ubishi ni kama ndiye huyu mliyemshika. Kwa hiyo "mwizi ameiba pikipiki" haina kasoro. Kasoro ilianza ulipoandika "amekamatwa".

Mshukiwa na mtuhumiwa hutenganishwa zaidi na mpaka wa Namanga kuliko na sheria. Vyombo vya habari vya Kenya hupenda mshukiwa, vya Tanzania mtuhumiwa, na wote wako sawa. Nikibanwa nichague, nitasema shuku yaweza kubaki moyoni, ila tuhuma imeshatamkwa. Unaweza kumshuku jirani miaka 10 asijue. Kwa kipimo hicho, mtu ambaye polisi wanamfuatilia kimya kimya ni mshukiwa. Wakishamkamata na kumwambia sababu, ni mtuhumiwa. Huo ni upendeleo wangu, na sioni gazeti linaloufuata.

Mshtakiwa hana mjadala. Huyu ni aliyefikishwa mahakamani na kusomewa hati ya mashtaka. Kabla ya hapo, hata kama amelala kituoni siku kadhaa, kumwita mshtakiwa ni kuruka hatua. Wakiwa wengi hupewa namba: mshtakiwa wa kwanza, wa pili, hadi mwisho. Na neno hili ni la jinai. Kwenye kesi ya madai, tuseme ya kodi ya pango au mpaka wa shamba, anayejibu ni mdaiwa, na hakuna kosa analosomewa.

Haya si mambo ya walimu wa lugha peke yao. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Ya Kenya ya mwaka 2010 inasema jambo hilo kwenye Ibara ya 50. Kwangu mimi, kuitwa ni sehemu ya kutendewa. Na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama Tanzania, maneno haya ndiyo yanayopaswa kuingia kwenye kumbukumbu za kesi.

Kuna mtego mwingine ambao hata waandishi wa habari wazoefu huingia. Wanachagua jina zuri halafu kitenzi kinawasaliti: "Mtuhumiwa alimchoma kisu jirani yake." Jina linangoja ushahidi, kitenzi kimeshahukumu. Andika "anadaiwa kumchoma". "Mtuhumiwa aliyeiba" ni mbaya zaidi. Hapo maneno mawili yanagombana yakiwa yamekaa bega kwa bega.

Mahabusu si mfungwa. Kwa asili ya Kiarabu neno hilo ni mtu aliyefungwa, lakini Kiswahili kimeliweka kwa anayengoja: kesi haijaisha, au dhamana imekosekana. Kenya utasikia rumande, kwa maana ya mahali. Kwetu Tanzania, neno mahabusu ni mtu na pia ni mahali, ndiyo maana twasema "amelala mahabusu". Mfungwa ametiwa hatiani na anatumikia adhabu. Mkanganyiko unatokana na geti: wote wawili huingizwa gereza lile lile, na watu wa nje huwaona wamoja.

Hujaniuliza hili, ila huenda ukalihitaji kesi ikiendelea: "ameachiwa". Ameachiwa vipi? Aliyeachiwa kwa dhamana bado ni mshtakiwa, na tarehe yake iko palepale. Mkurugenzi wa Mashtaka akiiondoa kesi kabla ya hukumu, mtu anatoka, lakini anaweza kukamatwa tena kwa kosa lile lile, wakati mwingine nduguze hata hawajamaliza kumkumbatia. Aliyesikilizwa hadi mwisho mahakama ikamwona hana hatia, huyo ndiye wa kuandikiwa "ameachiwa huru", na upande wa mashtaka ukitaka kumfuata umebakiwa na rufaa tu. Ukiandika "huru" kwa wote watatu, mtaa utashangaa kumwona wa kwanza akirudi mahakamani na wa pili akirudishwa kituoni.

Taarifa yako ningeiandika hivi: "Mtu mmoja alikamatwa jana usiku akituhumiwa kuiba pikipiki mtaani kwetu. Anatarajiwa kufikishwa mahakamani kesho." Jina lake liache kwanza. Hiyo kesho, akishasomewa mashtaka, utaandika "mshtakiwa", na utaongeza kama amekiri au amekana.